Lishe ya Kinga si Lishe ya Tiba

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, ambao mpaka leo unabeba jina lake. La pili ni hoja aliyoipigania katika miaka ya 1970: kwamba watu wa vijijini Afrika hawakuugua sana saratani ya utumbo mpana kwa kuwa chakula chao kilijaa makapimlo, yale yasiyosagika tumboni ambayo yamo kwenye mboga za majani, kunde na nafaka zisizokobolewa. Utafiti wa baadaye uliipunguza makali hoja hiyo, ila kiini chake kimesimama, na ni mojawapo ya sababu kwamba leo mabango ya afya yanatuhimiza tule dona badala ya sembe, tuongeze mboga na matunda, tupunguze nyama nyekundu, mafuta na sukari. Ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba ushauri huo umevuka kizingiti ukaingia chumbani kwa mgonjwa, na humo ndani unadhuru.

Ninachokitetea katika mhadhara huu ni jambo moja. Chakula cha kumkinga mtu mwenye afya asipate saratani, na chakula cha mtu ambaye tayari anaugua na yuko kwenye matibabu, ni milo miwili tofauti, na mara nyingi inapingana. Mnaouguza mnajua inavyokuwa. Majibu yakishatoka, jamaa wanakutana, kila mmoja ana alichosikia, na ndani ya wiki sahani ya mgonjwa imepukutika. Nyama imeondolewa kwa kuwa inalisha uvimbe, maziwa yameondolewa, sukari imepigwa marufuku, mafuta ndiyo kabisa. Yamebaki majani ya kuchemsha, juisi ya bitiruti na uji mwepesi wa maji. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, wote wanampenda. Lakini kwa lugha ya kalori na protini, mgonjwa huyo amewekwa kwenye mlo wa njaa wakati mwili wake unahitaji chakula kuliko ulivyowahi kuhitaji.

Ushahidi kwamba kupungua uzito ni hatari umekuwepo kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1980 DeWys na wenzake walichapisha Marekani uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa wakianza dawa za kemo kwa saratani za aina mbalimbali. Waliokuwa wameshapungua uzito kabla ya dozi ya kwanza waliishi muda mfupi zaidi, kwa aina nyingi za saratani, kuliko wale ambao uzito wao ulikuwa bado umesimama. Sababu zake zinaeleweka. Saratani huamsha uvimbemoto mwilini, hamu ya kula hufifia, na misuli huvunjwavunjwa hata pale mtu anapokula. Misuli ikiisha, sumu ya dawa inamwelemea mgonjwa, daktari analazimika kupunguza dozi au kuahirisha mzunguko, na tiba inayoahirishwa ahirishwa hupoteza nguvu. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6, bila mtu kukusudia, ni dalili ya hali hiyo ya kudhoofu. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu. Kilo 3 hazionekani kwa macho. Sketi inazunguka kiunoni, mkanda unaongezewa tundu, na majirani wanasema umependeza.

Nichukue saratani ya umio, yaani ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa kuwa ni yetu kwa namna ya pekee. Kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi mkoa wa Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida mno, ilhali Afrika Magharibi ni nadra. Mgonjwa wake kwa kawaida huanza kukwama na ugali na nyama, kisha wali, kisha uji mzito, na anapofika hospitali kubwa huwa anapitisha vya majimaji pekee. Kabla ya matibabu kuna vipimo, rufaa, kusubiri zamu ya mionzi. Ni wiki na wakati mwingine miezi. Kipindi hiki cha kabla ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, kwa sababu familia na hospitali pia huhesabu kwamba tiba bado haijaanza. Kwa maoni yangu tiba huanza siku mgonjwa anapopimwa uzito kwa mara ya kwanza na uzito huo ukaandikwa. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, imejijengea sifa kwa kuwawekea mamia ya wagonjwa wa umio kibomba cha waya, stenti, kinachopanua njia ili waweze kumeza tena. Kwingine mgonjwa huwekewa mpira wa kulishia kupitia puani au moja kwa moja tumboni. Wengi wanauogopa mpira huo wakidhani ni ishara ya mwisho, kumbe kwa mtu anayengojea upasuaji au mionzi unaweza kuwa ndio unaomfikisha mezani akiwa na nguvu. Tahadhari moja tu hapa: aliyekaa siku 5 na zaidi bila kula chochote cha maana asijazwe chakula kwa pupa. Madaktari walijifunza hilo kwa uchungu mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale baadhi ya wafungwa waliokaa na njaa walipopewa chakula kingi ghafla wakafa. Mtu kama huyo huanzishwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi, huku chumvichumvi za damu zikipimwa.

Sasa tufanye hesabu, maana hoja hii bila hesabu hubaki maneno. Jumuiya ya lishe tiba ya Ulaya inapendekeza mgonjwa wa saratani apate kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi 1.5. Mtu wa kilo 50 anahitaji basi kalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 50 hadi 75. Kikombe cha uji mwepesi, vijiko viwili vya unga kwenye maji, kina kalori kama 70 na protini isiyofika gramu 2. Anywe vikombe sita kutwa nzima, na hiyo kwa mgonjwa ni kazi kubwa, bado atakuwa amefikia kama theluthi tu ya kalori anazohitaji. Kikombe kile kile kikipikwa kwa maziwa mahali pa maji, kikatiwa kijiko kimoja cha siagi ya karanga, kijiko kidogo cha mafuta na sukari kidogo, kinapanda hadi kalori zaidi ya 350 na protini kama gramu 13. Ujazo ni ule ule, tumbo ni lile lile, kumeza ni kule kule. Hapo ndipo mlo wa kinga na mlo wa tiba vinapoachana: mwenye afya anataka chakula kinachomshibisha mapema kwa kalori chache, na mgonjwa anataka kalori nyingi kabla hajashiba. Sahani ya majani ya kuchemsha inamjaza aliyechoka kula, kisha haimwachii kitu.

Anayeshindwa kumeza kitu kizito ana msaada uliotoka jikoni kwetu. Katika miaka ya 1980 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walionyesha, kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa nchini Tanzania, kwamba kijiko kimoja cha unga wa kimea hulainisha uji mzito ukawa wa kunyweka ndani ya dakika chache, kwa kuwa vimeng'enya vya nafaka iliyochipua hukata wanga vipande vipande. Ni kimea hicho hicho wapika pombe wanachokijua tangu enzi. Maana yake ni kwamba unaweza kuweka unga maradufu au zaidi kwenye kikombe kimoja na bado uji ukapita. Uji unasongwa mzito, unaachwa upoe kiasi, unatiwa kijiko cha kimea cha ulezi, unakorogwa, ukishalegea unarudishwa jikoni uchemke tena ili vijidudu vife. Sijui kwa nini mbinu tuliyoibuni kwa watoto haijahamishiwa kikamilifu kwa wazee wetu wanaougua umio. Nadhani tumezoea kuiona lishe kama jambo la kliniki ya mama na mtoto.

Wakati wa matibabu wenyewe, kanuni ni kufuata kinachowezekana siku hiyo. Dawa za kemo huleta kichefuchefu, na harufu ya mafuta ya kukaangia inatosha kumfukuza mgonjwa mezani. Basi apewe vyakula vilivyopoa, mtindi, ndizi mbivu, viazi, mayai ya kuchemsha, kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, na mlo mkubwa uwe ule wa saa anazojisikia vizuri, kwa wengi asubuhi. Wengine huona nyama imekuwa na ladha ya chuma: kijiko cha mbao au cha plastiki husaidia, na protini inaweza kutoka kwenye samaki, maharage yaliyopondwa au maziwa. Mdomo ukitoka vidonda, pilipili, ndimu na vyakula vya moto vinasubiri. Mionzi ya nyonga, inayotolewa sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, huweza kuharisha, na hapo maji, chumvi na wali laini au uji wa mchele vina maana kuliko dona na maharage yenye maganda. Burkitt mwenyewe asingekataa. Kuhusu matunda na kachumbari, zamani wagonjwa ambao chembe nyeupe za damu zimeshuka walikatazwa kila kibichi. Majaribio yaliyolinganisha hayakuonyesha kwamba katazo hilo linawakinga kuliko usafi wa kawaida. Tunda lioshwe kwa maji safi na limenywe, nyama na mayai viive, kiporo kisilale nje. Na karanga zenye ukungu zitupwe zote, si zile mbovu tu, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaanga; sumu hiyo iliua watu 125 Kenya mwaka 2004.

Mtaniambia: haya yote ni ya hospitali zenye maziwa ya unga ya madukani. Hapana. Mwaka 2005 Paula Ravasco na wenzake huko Lisbon walichapisha jaribio la wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa kwenye mionzi. Waliwagawa makundi matatu kwa kura: kundi moja lilipata ushauri wa mtaalamu kwa kutumia chakula chao cha kawaida cha nyumbani, la pili likapewa vinywaji vya protini vya viwandani juu ya chakula chao, la tatu likaachwa lile lilivyozoea. Miezi mitatu baada ya mionzi kuisha, waliokuwa wameshikilia hali yao ya lishe ni wale wa ushauri na chakula cha kawaida. Kundi la kopo lilikuwa limerudi nyuma. Ni jaribio moja, la ugonjwa mmoja, katika nchi moja ya Ulaya, na sitaki kulibebesha mzigo usio wake. Ila linatosha kuvunja dhana kwamba lishe ya mgonjwa hununuliwa famasia. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, wana protini gramu 50 na zaidi kwa kila gramu 100. Vijiko viwili ndani ya mboga havionekani na mgonjwa halazimiki kutafuna. Kinachokosekana zaidi kuliko fedha ni mtu wa kukaa na familia nusu saa akaipangia. Maafisa lishe tunao, lakini wachache mno wako kwenye wodi za saratani. Wala sipuuzi umaskini: ambako nauli ya kufuata mionzi mjini imeshakula akiba ya kaya, hata lita ya maziwa ni mzigo, na hapo chakula cha mgonjwa kinapaswa kuingia kwenye bajeti ya hospitali kama dripu inavyoingia.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la sukari, na lina mzizi wa kweli. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931, aliona kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi na kwa namna ya pekee. Baadhi ya picha za kisasa za kutafuta saratani hutegemea tabia hiyo hiyo. Kutoka hapo watu wakaruka: basi tukimnyima mgonjwa sukari, uvimbe utakufa njaa. Mruko huo una shimo katikati. Mwili haukubali glukosi ya damu ishuke chini ya kiwango, kwa kuwa ubongo unaihitaji. Usipoipata mezani, ini huitengeneza lenyewe, na malighafi yake ni protini ya misuli. Uvimbe nao hauli sukari peke yake. Kwa hiyo anayemnyima mgonjwa wanga hauumizi uvimbe, anaula mgongo wa mgonjwa. Hii haina maana tumwagie soda. Mwenye kisukari anabaki na kisukari, dawa za steroidi zinazotolewa pamoja na kemo hupandisha sukari hata kwa asiyekuwa nacho, na hao hupangiwa mlo wao pamoja na daktari. Lakini kijiko cha sukari kinachomfanya mtu amalize uji wa maziwa ni bei ndogo ya kulipa.

Wengine hutetea kufunga, wakitaja tafiti za kula kidogo sana siku chache kabla na baada ya kemo. Tafiti hizo zipo, ila nyingi ni ndogo, na walioshiriki wengi walikuwa watu wenye uzito wa kutosha, si mtu wa kilo 42 asiyemeza. Upande wa dini, Uislamu umempa mgonjwa ruhusa ya kula Ramadhani, na hakuna anayemzidi imani kwa kumkazia. Kisha yako majani ya mstafeli na chupa za mitishamba. Sidharau miti: vinkristini, dawa inayotibu saratani ya watoto aliyoieleza Burkitt, ilitoka kwenye ua la Madagaska. Lakini ilitolewa, ikapimwa, ikapewa dozi. Stafeli kama tunda ni chakula kizuri. Kuyafanya majani yake kuwa tiba ni jambo jingine, na mbegu na majani yana kemikali ambayo huko Guadeloupe imehusishwa na maradhi ya mishipa ya fahamu. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliochagua tiba mbadala peke yake kwa saratani zinazotibika walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya waliopata tiba ya hospitali. Hata tunda lisilo na hatia linaweza kuingilia dawa: balungi huongeza au hupunguza kiwango cha baadhi ya vidonge vya saratani kwenye damu. Kila kinachonywewa kama dawa kitajwe kliniki, bila aibu.

Kuna mgonjwa ambaye hoja yangu haimfikii, na lazima nimseme. Ugonjwa ukishakomaa na mwili ukaanza kuzimika, kudhoofu hakurudi nyuma kwa chakula, hata chakula kikiwa bora. Kumlazimisha mtu huyo kijiko baada ya kijiko ni kumtesa, na familia inayomwambia ‘hujitahidi’ inamtwisha lawama isiyo yake. Hapo apewe anachotaka, kiasi anachotaka, na asipotaka mdomo uloweshwe tu. Kuutambua wakati huo ni kazi ya daktari na wauguzi wa tiba shufaa, na kuwaeleza ndugu waziwazi ni sehemu ya kazi hiyo.

Anayemaliza matibabu akapona anarudi polepole kwenye mabango ya Burkitt. Uzito ukisharejea, dona, kunde, mboga na matunda vinapata tena nafasi ya kwanza. Nyama za kusindikwa, ambazo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka mwaka 2015 katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, zipungue. Pombe na tumbaku viachwe. Chai na uji visubiri vipoe, kwa kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 vinashukiwa kuchangia saratani ya umio, na huku kwetu tunavinywa vikifuka. Ila mtu asitarajie muujiza. Mwaka 2007 jaribio la Marekani lililoshirikisha wanawake 3,088 waliotibiwa saratani ya matiti lilionyesha kuwa kuongeza mboga na matunda kupita ushauri wa kawaida hakukupunguza kurudi kwa ugonjwa. Vidonge vya vitamini ndiyo zaidi: huko Finland, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha wavutaji sigara waliomeza vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Kilichotoa matokeo ya kutia moyo ni mwendo: jaribio lililochapishwa mwaka 2025, la watu 889 waliomaliza kemo ya saratani ya utumbo mpana, lilikuta kwamba baada ya miaka 8 asilimia 90 ya waliopangiwa mazoezi kwa miaka 3 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 83 ya waliopewa vipeperushi tu. Na wapo ambao hawatarudi kamwe kwenye mlo wa zamani. Aliyetolewa tumbo atakula kidogo kidogo mara sita kwa siku maisha yake yote, atatenganisha maji na chakula, ataepuka vitamu vingi kwa mpigo kwa kuwa vinamletea kizunguzungu na jasho, na atahitaji vitamini B12, mara nyingi kwa sindano, hata kama amenenepa na anajisikia mzima.